Kabla hamjaizima Boney M kwenye Krismasi yetu

Desemba ikiingia tu mjadala ni uleule, na mwaka huu naona umechacha kuliko kawaida. Mtu kaingia supamaketi kununua mchele na mafuta ya kula, kakuta spika zinaimba theluji na kengele za farasi huku nje jua la Dar linachoma mpaka lami inanata kwenye ndala, anatoka hapo anarusha klipu mtandaoni na maneno, jamani mpaka lini tutaimbishwa Krismasi ya Wazungu. Komenti zinamiminika, wengi wanaunga mkono, na kwenye orodha ya nyimbo zinazotakiwa zizimwe Boney M, lile kundi la disko la miaka ya sabini, hawakosekani. Wengine wanaenda mbali zaidi wanataka redio na kwaya ziachane kabisa na chochote kilichotoka nje. Hasira hiyo naielewa na kwa sehemu kubwa ninayo pia, ila nasema wazi kwamba shabaha imekosewa. "Mary's Boy Child", ule wimbo wanaojulikana nao sana Boney M kila Krismasi, na ambao kwangu mimi unakaa juu ya nyimbo zote za Krismasi zilizowahi kurekodiwa, umetungwa na mjukuu wa watumwa, ukaimbwa na watu weusi wenye asili ya Karibiani, na una undugu na sisi ambao wengi hawaujui. Na wakati tunagombania spika za supamaketi, nyimbo zetu wenyewe za Noeli zinapotea kila mwaka kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na Boney M, zinapotea kwa sababu hatuandiki nani katunga.

Haya nilianza kuyafuatilia kwenye basi la Moshi. Desemba ya kule Kilimanjaro kila mtu anaijua, stendi ya Mbezi inafurika, watu wanarudi nyumbani na mabegi na masufuria na watoto, na mabasi mengi yakishapita Chalinze wanaweka Boney M na wanaiacha izunguke mpaka mtu anaizoea kama sauti ya injini. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, anaimba kila mstari, Kiingereza anakitamka anavyokisikia yeye, kichwa kinatikisika kidogo kidogo na mdundo. Tulipofika Mombo kwenye chakula akanigeukia, "Mwanangu, hawa si ndo walioimba Malaika?" Nikamwambia hapana mama, Malaika ni ya kwetu. Akasema najua ni ya kwetu, nakuuliza kama si hawa walioiimba. Sikuwa na jibu. Nilipofika nyumbani nikatafuta, nikakuta mama yuko sahihi, na tangu siku hiyo huu wimbo sijausikia tena kama zamani.

Tuanze na mwenye wimbo, maana watu wanarukia Boney M kana kwamba wao ndo walioutunga. Jester Hairston alizaliwa mwaka 1901 huko North Carolina, babu na bibi zake walikuwa watumwa, na maisha yake karibu yote aliyatumia kwenye kwaya, akipanga sauti za nyimbo za kiroho za watumwa na kuzifundisha kwa watu ambao hawajawahi kuzisikia. Aliishi muda mrefu, kafariki mwaka 2000. Huu wimbo ulianza kama wimbo wa sherehe ya kuzaliwa ya rafiki, mdundo wa kalipso, muziki wa visiwa vya Karibiani, na maneno mengine kabisa. Baadaye Walter Schumann, aliyekuwa na kwaya yake, akamwomba wimbo mpya wa Krismasi, Hairston akaukumbuka ule mdundo akauweka Betlehemu. Ndo maana ukiusikiliza vizuri unakuta hautembei kama nyimbo nyingine za Noeli zilizonyooka kama askari wa gwaride, huu una kiuno. Na maneno yake yamekaa kwenye Kiingereza cha visiwani, mle ndani Biblia "inasema" bila ile herufi ya mwisho ambayo mwalimu wa Kiingereza angekuchapa kwa kuiacha, yaani kama sisi tunavyosema "ndo" na kila mtu anaelewa. Hakuna theluji, hakuna farasi, hakuna babu mwenye ndevu. Kuna Mariamu na Yosefu wanaotafuta chumba hawapati, na kuna sauti inayosimulia kama jirani aliyekimbia kukuletea habari.

Harry Belafonte, mwimbaji wa Marekani, aliisikia kwaya ikiuimba akaomba aurekodi, ukatoka mwaka 1956, na mwaka uliofuata ukawa namba moja Uingereza wakati wa Krismasi. Sasa huyu Belafonte ni nani kwetu? Mama yake Mjamaika, na yeye mwenyewe sehemu ya utoto wake aliishi Jamaika. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa anahangaika kupata hela za ndege za kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani, Belafonte pamoja na mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson waliweka sahihi zao kwenye barua ya kuomba michango, na mwaka huo wakaondoka wanafunzi 81. Mwaka 1965 alitoa albamu na Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, na humo ndani imo Malaika, kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuipeleka "Mary's Boy Child" duniani ni mtu aliyesaidia vijana wetu kupanda ndege, na kwenye albamu yake Kiswahili kikaimbwa mbele ya Wamarekani wakati nchi zetu zina miaka miwili mitatu tu ya uhuru. Halafu leo mtu anakwambia huo ni wimbo wa kikoloni.

Boney M wakaja kuuchukua mwaka 1978, wakauunganisha na kipande kipya cha "Oh My Lord", ukarudi tena namba moja Uingereza kwenye Krismasi ya mwaka huo. Liz Mitchell na Marcia Barrett wamezaliwa Jamaika, Maizie Williams katokea Montserrat, Bobby Farrell katokea Aruba. Mwaka 1981 walitoa ile albamu yao ya Krismasi ambayo mpaka leo ndo inapigwa kwenye mabasi, na mwaka huohuo wakatoa Malaika. Yule mama wa Mombo alikuwa sahihi. Waimbaji wawili wakubwa wa wimbo uleule wa Krismasi, miaka 16 mbali, wote wakaja kuchukua wimbo uleule mmoja wa kwetu. Nadhani sikio lilitambua kitu, kwa sababu Malaika na huu wa Hairston zina upole unaofanana na zote mbili zinakwenda taratibu bila kulala, hata kayamba ukiiweka juu yake inakaa yenyewe.

Hapa wanaopinga wana hoja nzito na lazima niiseme kwa haki. Boney M haikuwa mali ya hao waimbaji. Ilikuwa mali ya prodyuza Frank Farian, Mjerumani, ambaye zile sauti nzito za kiume kwenye rekodi ni zake mwenyewe, Farrell akiwa anacheza na kufungua mdomo tu, na Maizie Williams naye hakuimba kwenye rekodi zile. Kwa hiyo mtu akisema sura zilikuwa nyeusi na meza ya hesabu ilikuwa Ujerumani, hajakosea, na hilo ni jambo la kuumiza kweli. Lakini angalia hoja hiyo inatupeleka wapi. Imehama kwenye swali la wimbo umetoka nchi gani, imeingia kwenye swali la jina la nani limeandikwa na hela inaenda wapi. Na ukishalikubali hilo swali huwezi kuliacha kwa Farian peke yake, inabidi ulilete mpaka nyumbani. Nitarudi hapo.

Kuhusu nyimbo za theluji, nakubali kwamba mtoto wa Temeke kuimba "Jingle Bells" darasa zima ni jambo la ajabu, tena wimbo wenyewe wa mwaka 1857 hauna neno Krismasi hata moja, ni wimbo wa watu kukimbizana na farasi kwenye barafu. Huo mkiuacha sitalia. Ila "White Christmas" nitautetea. Irving Berlin aliyeutunga alikuwa Myahudi aliyezaliwa Urusi akapelekwa Marekani mtoto mdogo, na mwanawe wa kiume alifariki akiwa na wiki tatu siku ya Krismasi ya mwaka 1928. Wimbo wenyewe una ubeti wa mwanzo ambao rekodi nyingi wameukata, na kwenye ubeti huo anayeimba yupo Los Angeles tarehe 24 Desemba, jua linawaka, majani ya kijani, michungwa na mitende inayumba. Soma tena hapo. Anayeimba theluji hana theluji, yupo kwenye joto kama sisi, anawaza kwao. Mwimbaji Bing Crosby alivyourekodi mwaka 1942 askari wa Marekani waliokuwa vitani, wengi wao kwenye visiwa vya joto vya Pasifiki, waliuomba na kuuomba tena redioni. Ni wimbo wa mtu aliye mbali na nyumbani Krismasi inamkuta njiani, na mimi sioni wimbo unaomfaa zaidi mtu aliyekosa tiketi Mbezi au yule dada aliye kazini Muscat anayepiga simu ya video usiku wa tarehe 24 kuona watoto wake wamevaa nini. Tulichokosa ni ule ubeti, hatukuwahi kuusikia.

Kama kuna wimbo mmoja wa kuzimwa leo hii, mimi nautaja bila kusita, ni ule wa Band Aid, wanamuziki wa Uingereza na Ireland waliokusanyika kuchangisha, wa mwaka 1984, "Do They Know It's Christmas?", uliotungwa na Bob Geldof na Midge Ure. Najua ulikusanya mamilioni ya paundi kwa ajili ya njaa ya Ethiopia na hela ile ililisha watu, sitaidharau. Lakini wimbo unasema Afrika hakutakuwa na theluji Krismasi hii, hakuna kinachoota, hakuna mvua wala mto unaotiririka, halafu unauliza kama hao watu wanajua ni Krismasi. Ethiopia. Nchi ambayo Mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wake wa kale, alishakuwa Mkristo karne ya 4, ambayo Krismasi yao wanaiita Genna wanaisherehekea tarehe 7 Januari, na ambayo Blue Nile inaanzia humohumo Ziwa Tana. Na theluji tunayo, mita 5,895 juu ya bahari, yule mama wa basini anaiona akitoka nje kuchota maji asubuhi mawingu yakifunguka. Mwaka 2014 Fuse ODG, mwanamuziki mwenye asili ya Ghana, alikataa kushiriki toleo jipya la wimbo huo, na mwaka 2024 ulipofikisha miaka 40 wakautoa tena, Ed Sheeran, aliyeimba kwenye lile toleo la 2014, akasema angeulizwa asingekubali sauti yake itumike. Huo ndo wimbo unaotuhusu kwa ubaya, na bado sijaona komenti hata moja ya kutaka uzimwe, kwa sababu wenyewe hautaji farasi.

Ethiopia hiyohiyo inajibu hoja nyingine ninayoiona imeandikwa sana na ambayo kwa kweli ndo dhaifu kuliko zote, kwamba Krismasi yenyewe tumeletewa na mkoloni kwa hiyo hakuna haja ya kuchagua wimbo. Watu wa Aksum walikuwa wanasali kabla Waingereza wengi hawajabatizwa. Na hata huku kwetu ambako kweli dini ilikuja na meli, wimbo ukishakaa kwenye lugha vizazi vitatu vinne unakuwa umezaliwa upya. "Usiku Mtakatifu" ulitoka Oberndorf, kijiji cha Austria karibu na Salzburg, uliimbwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi mwaka 1818. Leo bibi wa Lushoto akiuimba kwa Kiswahili kwenye msiba wa Desemba haigizi mtu yeyote. Ni wimbo wake, kawazika nao wazazi wake. "Mbali kule nasikia" nao ni wimbo wa Kifaransa kwa asili, na nenda parokia yoyote usiku wa tarehe 24 uone pale kwenye ile Gloria ndefu, sauti ya nne inashuka, watu waliokuwa wanasinzia wanaamka wote. Huwezi kumnyang'anya mtu kitu hicho kwa sababu ya anwani kilikotoka.

Hoja yao iliyo na nguvu kweli ni hii, kwamba nafasi ni moja. Dakika redio inapopiga Mariah Carey hiyo dakika haipigi kwaya ya hapa, na mtoto anajua kinachorudiwa. Hapo wako sahihi kabisa na mifano ninayo. "All I Want for Christmas Is You" ya Mariah ilitoka mwaka 1994 lakini ilifika namba moja Marekani Desemba 2019, miaka 25 baadaye. "Last Christmas" ya Wham! ya mwaka 1984 ilikuja kuwa namba moja ya Krismasi Uingereza mwaka 2023. Watu wakasema unaona, muziki wa zamani ulikuwa bora. Nyimbo hazikubadilika hata noti moja, kilichobadilika ni kwamba chati zinahesabu watu wanavyosikiliza mtandaoni, na kila Desemba mamilioni wanabonyeza kile walichokizoea, kinapanda, kikipanda kinapigwa zaidi, wanazidi kukizoea. Wimbo wa Krismasi unaishi kwa kurudiwa. Sasa ili wimbo urudiwe inabidi uwepo mahali pa kubonyeza, uwe na rekodi, uwe na jina, uwe na mwenyewe, na hapo ndo kwenye kidonda chetu.

Maana anayesema sisi hatuna nyimbo za Noeli hajakaa kwenye kwaya. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa miaka ya 1962 mpaka 1965, ulipofungua mlango wa lugha na ngoma zetu, Wakatoliki wa Tanzania na Kenya wametunga mpaka haihesabiki, na Walutheri na wengine vilevile. Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alishaanza kulisemea hilo hata kabla. Wapo watunzi wanaojulikana, Bernard Mukasa, John Mgandu, na ukisikiliza kwaya ya Mtakatifu Kizito Makuburi utajua kiwango kimefika wapi. Lakini nyuma ya hao wachache wapo mamia ya walimu wa kwaya wa vigango, mtu ana kinanda kibovu na ubao, Novemba anakaa usiku anatunga wimbo mpya kwa ajili ya mkesha, anauandika kwa nota za sol-fa, zile za do re mi, unaimbwa mara moja, jirani anaupenda anaupiga picha kwa simu, unahama parokia, unahama jimbo, unavuka mpaka. Hapo katikati jina linadondoka. Baada ya miaka 10 unaulizwa huu wimbo wa nani, unajibiwa ni wa zamani.

Malaika yenyewe tumeshaiponza hivyohivyo. Wapo wanaosema ni ya Fadhili William wa Kenya aliyeirekodi, wapo wanaosema ni ya Adam Salim wa Tanganyika aliyeitunga kabla, na mabishano hayo yameishi kuliko wenyewe, wakati dunia nzima imeshaimba na hela imeshazunguka. Hata "Usiku Mtakatifu" uliponea chupuchupu. Wimbo ulishasambaa Ulaya, watu wanasema wa Haydn, wengine wa Mozart, mpaka mwaka 1854 Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule, akalazimika kuandika maelezo kwa mkono wake kwamba tuni ni yake na maneno ni ya Padre Joseph Mohr, miaka 36 baada ya usiku wenyewe. Na bado watu waliendelea kubisha. Mwaka 1995 ikatambuliwa karatasi iliyoandikwa na Mohr mwenyewe, na kwenye kona ya juu kulia kaandika kwamba tuni ni ya Fr. Xav. Gruber. Kona moja ya karatasi.

Nina wimbo wangu mwingine ambao kama ungerekodiwa vizuri ningeuweka sawa na ule wa Hairston. Tunauimba parokiani kwetu. Unahusu mchungaji mmoja aliyebaki na kondoo wakati wenzake wote wamekimbilia Betlehemu, maana lazima mtu abaki, na usiku kucha anasikiliza malaika kwa mbali na hawezi kwenda. Besi ndo wanaanza, peke yao, chini kabisa, wanahesabu kondoo. Alto wanaingia wanamuuliza unaogopa nini. Soprano hawaingii mpaka ubeti wa tatu, wanaporudi wachungaji wanamkuta, wanamsimulia, na hapo kila mwaka lazima kuna mwanakwaya sauti inamkatika. Sijawahi kusikia mtu mwingine duniani aliyemfikiria huyo aliyebaki. Karatasi tuliyo nayo ni fotokopi ya fotokopi, imekuja na mtu kutoka parokia nyingine ambaye naye alipewa, na mashine ilipokuwa inakopi karatasi ilikaa upande, kona ya juu kulia ikakatika. Zimebaki herufi mbili za mwisho, "-la", na alama inayofanana na tarakimu ya mwaka. Nimeuliza parokia nne, na katekista mmoja mzee akaniambia, "Kijana, huo tuliukuta."

Kwa hiyo kwa wale wanaotaka kuzima spika, mimi naomba nguvu hiyohiyo ije huku. Mwalimu wa kwaya aandike jina na mwaka katikati ya ukurasa mahali ambapo mashine haifiki, karatasi aiweke kwenye tovuti ya Swahili Music Notes ambako nota za kwaya zinakusanywa na kila mtu anazipata, kwaya irekodi hata kwa simu lakini imtaje mtunzi kwanza kabla ya kuitaja kwaya, na redio inapopiga Noeli ya hapa mtangazaji aseme katunga nani kama anavyosema Mariah Carey bila kuombwa. Hayo yote mtu anaweza kuyafanya na Boney M ikiendelea kuimba kwenye basi. Na kama wewe unayesoma umewahi kuimba wimbo wa mchungaji aliyebaki, na unamjua mtu ambaye jina lake linaishia na "-la", tafadhali sana niambie. Mazoezi ya mkesha yameanza, mwalimu wetu ameandika nota zote ubaoni kwa chaki, na kona ya juu kulia kaandika "Mtunzi" na nukta mbili, akaacha nafasi.